Maji Yapewe Kwanza Pa Kutokea: Matuta, Nyasi na Malambo ya Mashamba ya Marekani, 1935–1965

Kusini-magharibi mwa jimbo la Georgia, kwenye kaunti ya Stewart, yapo makorongo yanayoitwa Providence Canyon. Kina chake kinafika futi 150, na leo watu huenda kutalii na kupiga picha kuta zake nyekundu na nyeupe. Makorongo hayo hayakuchimbwa na mto. Ni maji ya mvua yaliyotoka kwenye mashamba ya pamba ya karne ya 19: msitu ulifyekwa, mistari ikalimwa kushuka na mteremko, na chini ya udongo mwekundu wa juu kulikuwa na mchanga laini ambao maji yakishaufikia hayana cha kuyashika.

Habari za udongo wa Marekani zikisimuliwa, wengi hukimbilia vumbi la 1934 na 1935 kwenye nyanda za Kansas na Oklahoma. Vumbi lile lilitesa watu kweli. Lakini mashariki ya nyanda hizo, kwenye vilima vya mahindi vya Iowa na Wisconsin na vya pamba vya Carolina na Alabama, adui alikuwa maji. Huko ndiko ilikofanyika kazi ninayoipenda zaidi katika historia nzima ya hifadhi ya udongo, na jambo lake kubwa ni moja: utaratibu wa nini kinatangulia na nini kinafuata.

Matuta yenyewe hayakuwa mageni. Mwaka 1885 mkulima Priestly Mangum wa Wake Forest, North Carolina, alijenga tuta pana, lenye mfereji upande wa juu, ambalo plau na mashine ziliweza kupita juu yake na mazao yakapandwa hadi kileleni. Wakulima wengi wa kusini walimwiga. Walichokosa ni mlango. Tuta linakusanya maji ya ekari kadhaa na kuyapeleka sehemu moja, na mkulima alilimalizia popote lilipofika: kwenye uzio wa jirani, kwenye mtaro wa barabara, au ukingoni mwa msitu. Maji yaliyokuwa yametawanyika shamba zima sasa yanaanguka kwa pamoja kwenye udongo mtupu. Hapo linaanza shimo, shimo linakuwa korongo, na korongo linapanda kurudi shambani, likikata ncha ya tuta lile lile lililolizaa. Ndiyo maana kati ya mashamba yaliyobomoka vibaya kulikuwa na mengi yenye matuta.

Serikali ilipoanzisha idara ya mmomonyoko mwaka 1933 chini ya Hugh Hammond Bennett, na kisha Sheria ya 27 Aprili 1935 ikaifanya kuwa Soil Conservation Service (Huduma ya Hifadhi ya Udongo) ndani ya Wizara ya Kilimo, mafundi wake walishika kanuni moja: njia ya kutokea maji inajengwa kwanza, nyasi zake zinashika kwanza, ndipo tuta linachimbwa. Msimu mmoja, mara nyingi miwili, unapita katikati. Mkulima mwenye haraka alichukia kusubiri huko, na ndiko kulikookoa shamba lake.

Njia hiyo ni mkondo mpana wenye nyasi, unaowekwa pale maji yalipokuwa yanapita tangu mwanzo, yaani kwenye bonde dogo la asili. Upana wake unahesabiwa. Chukua ekari zinazoleta maji, zidisha kwa ukali wa mvua (inchi kwa saa) ya dhoruba inayotarajiwa mara moja katika miaka 10, kisha zidisha kwa sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama. Vipimo vya Kimarekani vinarahisisha kazi hapa: inchi moja ya maji juu ya ekari moja kwa saa ni karibu sawa na futi 1 ya ujazo kwa sekunde. Tuseme ekari 20, mvua ya inchi 4 kwa saa, na nusu yake inatiririka. Hiyo ni futi za ujazo 40 kila sekunde. Kama nyasi ulizonazo zinavumilia maji yaendayo futi 4 kwa sekunde, unahitaji nafasi ya futi za mraba 10. Mkondo wenye umbo la sahani, kina chake futi 1 katikati, nafasi yake ni theluthi mbili ya upana mara kina, kwa hiyo upana ni futi 15. Juu ya hapo ongeza kina kidogo cha usalama, maana nyasi ndefu zinapunguza mwendo wa maji na kuyainua.

Nyasi gani inavumilia mwendo gani lilikuwa swali la maabara. Huko Spartanburg, South Carolina, na baadaye Stillwater, Oklahoma, watafiti walichimba mifereji ya nje, wakaiotesha nyasi mbalimbali, wakafungulia maji hadi mfereji uharibike. Nyasi ya bermuda kwenye udongo mgumu na mteremko usiozidi asilimia 5 ilivumilia futi 8 kwa sekunde. Brome na bluegrass za kaskazini, futi 7. Mimea inayosimama kwa mashina bila kutandaza mizizi juu, kama alfalfa na lespedeza, ilianza kushindwa kwenye futi 3.5. Kwenye udongo unaobomoka kwa urahisi takwimu zote hizi zinashuka. Tofauti hiyo ya aina ya nyasi pekee inaweza kuongeza upana wa mkondo maradufu, ndiyo maana fundi aliuliza mbegu kabla ya kushika kamba ya kupimia.

Ujenzi wake si mgumu ukifuatwa. Udongo wa juu unakwanguliwa na kuwekwa kando, mkondo unachongwa kwa plau na skrepa (chombo cha kukwangua na kubeba udongo), kingo zikiwa za polepole, futi 4 za mlalo kwa futi 1 ya kwenda juu au zaidi, ili trekta yenye mashine ya kukatia nyasi iweze kuvuka. Kisha udongo wa juu unarudishwa. Samadi, chokaa na fosfeti zinawekwa kwa wingi kuliko shamba lenyewe, kwa sababu nyasi dhaifu hapa ni hasara ya matuta yote. Mbegu zinamwagwa pamoja na oti kidogo za kufunika udongo haraka, na mashine ya kupandia inapita kukatisha mkondo, kamwe si kuufuata. Alama za magurudumu na mistari zikielekea chini, mvua ya kwanza inaanza kuchimba humo humo. Palipo na mteremko mkali hutandazwa majani makavu, na kijituta cha muda huzuia maji ya juu mpaka nyasi zishike.

Mikondo mingi iliyokufa iliuawa na mambo madogo. Mkulima analima mpaka ukingoni na kuacha mfuo sambamba na nyasi. Maji yanapendelea mfuo, na baada ya miaka miwili kuna makorongo mawili membamba pembeni ya mkondo mzuri usio na maji. Anavuka na haro, chombo cha kuvunja mabonge, bila kuinyanyua. Anaugeuza njia ya trekta, magurudumu yanakanyaga mstari ule ule, na mstari unakuwa mfereji. Anaacha nyasi zirefuke bila kukatwa; zinakamata tope, tope linainua kitako cha mkondo kuliko shamba, na maji yanatoka nje. Na palipo na chemchemi ndogo inayotiririka mfululizo, nyasi zinaoza na kuacha udongo mtupu katikati. Dawa yake ni bomba la udongo wa kuchomwa lililofukiwa pembeni ya mkondo, si chini ya katikati yake, ili maji makubwa yasije yakalifukua.

Nyasi zikishashika, ndipo tuta. Wasomaji wa Kenya na Tanzania wanaijua fanya juu, ambapo mtaro unachimbwa na udongo wake kutupwa upande wa mlima, hatua kwa hatua shamba likajitengeneza kuwa ngazi. Tuta la Marekani lilikuwa kinyume: mfereji uko juu, udongo unasukumwa chini kuwa kigongo kipana, na lengo si ngazi bali kukatiza safari ya maji kabla hayajapata nguvu na kuyasindikiza polepole hadi kwenye nyasi. Jembe la mkono halikuwemo kwenye hesabu. Kila kitu kilipangwa ili trekta ipite.

Umbali kati ya tuta na tuta ulipatikana kwa kanuni fupi. Chukua mteremko kwa asilimia, zidisha kwa namba ya eneo (0.3 kusini kwenye mvua za kishindo, hadi 0.6 kaskazini), kisha ongeza 1 au 2 kulingana na ugumu wa udongo. Jibu ni tofauti ya kimo kwa futi. Kwenye mteremko wa asilimia 6 huko Iowa, 0.6 mara 6 ni 3.6, ongeza 2, unapata futi 5.6, ukiugawa kwa 0.06 ni kama futi 93 za mlalo. Mteremko huo huo huko Alabama unatoa futi 3.8, yaani futi 63 tu. Tuta la juu kabisa lilihitaji uangalifu wa pekee: lisipokee maji ya zaidi ya ekari 3 hivi, kwa kuwa likivunjika, maji yake yanavunja la pili, na la pili linavunja la tatu, hadi chini.

Upimaji ulianzia mlangoni na kurudi nyuma. Fundi alisimamisha levo (darubini ya kupimia usawa wa ardhi), msaidizi akashika fito yenye vipimo, kigingi kila futi 50. Mfereji hauwi bapa, wala hauteremki sana: asilimia 0.1 mwanzoni mwake, ikipanda hatua kwa hatua kila futi 300 au 400 hadi 0.3 au 0.4 karibu na mlango. Maji yanaongezeka kadiri yanavyokwenda, kwa hiyo mwinamo nao unaongezeka. Ukiweka 0.4 kote, sehemu ya mwanzo inakausha shamba bila sababu. Ukizidisha hapo, mfereji wenyewe unaanza kumomonyoka. Vigingi vikishasimama, fundi alirudi nyuma na kuvisogeza ili kulainisha kona kali, akikubali kuchimba kidogo zaidi hapa na kujaza pale. Trekta haiwezi kufuata kila kikunjo cha mlima.

Kujenga kulianza na tuta la juu, kwa sababu ile ile ya kuvunjika kwa mfululizo. Wengi walitumia plau ya kawaida ya mifuo miwili, wakizunguka mara nyingi na kutupa udongo kwenye kigongo, kisha wakipumzisha udongo ushikane kabla ya mzunguko mwingine. Kigongo kilichoshuka na kutulia kilipaswa kubaki na kimo cha inchi 15 hadi 18 kutoka kitako cha mfereji. Kosa lililojirudia ni pale tuta linapovuka korongo la zamani. Udongo uliojazwa hapo ni mwingi na mlaini, unatulia kuliko sehemu nyingine, na kigongo kinabaki na bonde dogo ambalo jicho halilioni lakini maji yanaliona. Hapo ndipo matuta yalipasuka. Fundi mzuri alirudi na levo baada ya kazi, akapima kilele chote, na kwenye kujazia akaongeza kimo cha ziada mapema. Kazi hii ya kurudi kupima ilirukwa mara nyingi, nami naiona kuwa ndiyo iliyotenganisha tuta la miaka 30 na tuta la mvua moja.

Kisha kila mwaka plau yenyewe ndiyo ilikuwa matengenezo. Ukilima kwa kuanzia kileleni na kugeuzia udongo kwenye kigongo kutoka pande zote mbili, na kumalizia mfuo wa mwisho ndani ya mfereji, tuta linajirekebisha. Ukilima ovyo, ukauacha mfuo wa mwisho juu ya kigongo, umelishusha kwa inchi kadhaa kwa mikono yako.

Kulima kwa kontua, yaani kukatisha mteremko kwa mistari yenye kimo kimoja, kulikuwa rahisi zaidi na kuliwavutia wengi, lakini nguvu yake ina mpaka. Vipimo vilionyesha kuwa kwenye mteremko wa asilimia 3 hadi 8 mistari ya kontua inapunguza upotevu wa udongo karibu nusu. Mteremko ukiwa mkali zaidi, faida inayeyuka, kwa sababu kila mstari unashika maji kidogo, na mmoja ukifurika unafuatwa na yote iliyo chini yake. Hapo ndipo iliingia mikanda ya mazao.

Mfano wake mkubwa ni Coon Valley, Wisconsin, mahali idara ilipofungua eneo lake la kwanza la maonyesho mwaka 1933. Vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango wa serikali wa kuwapa kazi vijana, walitoa nguvu kazi, na Aldo Leopold wa chuo kikuu cha jimbo alikuwa miongoni mwa washauri. Mashamba ya mraba yaliyopimwa kwa rula yalifutwa, uzio ukang'olewa, na vilima vikavikwa mikanda inayofuata kontua, kila mkanda ukipata kwa zamu, mwaka hadi mwaka, mahindi, oti, nyasi za kukata, nyasi za kukata. Zamu za mikanda jirani zilipishana, na daima chini ya mkanda wa mahindi kuna mkanda wa nyasi unaopokea maji yake na kuyanyang'anya tope. Upana ulipungua kadiri mlima ulivyosimama: karibu futi 100 kwenye mteremko mdogo, futi 60 hadi 74 kwenye asilimia 12 hadi 18. Miteremko mikali kabisa ilirudishwa kuwa msitu, na ng'ombe wakaondolewa humo, maana msitu unaochungwa unamwaga maji karibu kama malisho yaliyochoka. Utafiti wa baadaye wa Stanley Trimble ulionyesha kuwa tope lililokuwa likirundikana kwenye sakafu ya bonde hilo lilipungua sana baada ya miaka ya 1930, ijapokuwa mvua haikubadilika kiasi cha kueleza hivyo.

Mikanda ilidai ng'ombe. Hili husahauliwa. Nusu ya shamba ikiwa nyasi na klova, lazima kuwe na mdomo wa kuzila, na klova haioti bila chokaa. Kwa hiyo wilaya za maziwa za Wisconsin zilishika mikanda kwa uaminifu, lakini pale mkulima alipouza ng'ombe wake na kubaki na mahindi na soya, mikanda ilifutwa ndani ya misimu michache.

Kila shamba lilipata mpango wake kwenye picha ya angani, kwa kawaida inchi 1 kwa futi 660. Mtaalamu wa udongo alitembea na kipekecha udongo, akagawa ardhi kwenye madaraja manane: la kwanza linalimwa bila hofu, la nne linalimwa mara chache kwa uangalifu mkubwa, kuanzia la tano ardhi haifai kwa plau, na la nane limeachiwa wanyama wa porini na maji. Herufi ndogo iliongezwa kutaja kizuizi: e kwa mmomonyoko, w kwa unyevu, s kwa udongo wenyewe, c kwa hali ya hewa. Mkulima aliona kwa rangi, kwenye picha ya shamba lake mwenyewe, ni kipande kipi kinamla.

Na hakulazimishwa. Mwaka 1937 Rais Roosevelt aliwapelekea magavana sheria ya mfano: wakazi 25 wa eneo wanaomba, kura inapigwa, wilaya ya hifadhi inaundwa na kuongozwa na watu watano, wengi wao wakichaguliwa na wakulima wenyewe. Ya kwanza ilikuwa Brown Creek, tarehe 4 Agosti 1937, kwenye kaunti ya Anson, North Carolina, nyumbani kwao Bennett. Kufikia 1950 zilikuwa zaidi ya 2,000. Mbinu hizi zilifika Afrika Mashariki pia. Colin Maher, aliyeongoza huduma ya hifadhi ya udongo Kenya kuanzia 1938, alikwenda Marekani kujionea. Vipimo vilivuka bahari, kura haikuvuka. Wanawake wa Murang'a walikataa kuchimba matuta mwishoni mwa miaka ya 1940, na Uluguru kukawa na ghasia mwaka 1955, kwa sababu kazi ile ile ilikuja kama amri na faini. Nani anaweza kumlaumu mtu aliyelichukia tuta lililoletwa kwa namna hiyo?

Makosa ya kitaalamu nayo yalikuwepo upande wa Marekani, na kubwa kuliko yote ni kudzu. Idara iligawa miche yapata milioni 85 ya mtambaa huu kutoka Asia ili uzibe makorongo ya kusini, na wakulima walilipwa hadi dola 8 kwa ekari kuupanda. Uliziba kweli, kisha ukapanda miti, nguzo na nyumba. Mwaka 1953 uliondolewa kwenye orodha ya mimea inayolipiwa, na 1970 ukatangazwa kuwa gugu.

Lambo la shamba lilikuja mwishoni mwa mpango, baada ya ardhi iliyo juu yake kufunikwa, la sivyo linajaa tope kabla mkopo wake haujaisha. Hatua ya kwanza ni kuondoa udongo wa juu na mizizi yote mahali tuta litakapokaa. Kisha unachimbwa mtaro wa kiini mpaka kwenye mfinyanzi usiopitisha maji, na kujazwa mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka, inchi 6 hadi 8 kila moja, wenye unyevu wa kutosha kufinyangika mkononi. Upande wa maji ni futi 3 za mlalo kwa 1 ya wima, upande wa nje 2 kwa 1, na kilele kinaongezwa asilimia 10 kwa ajili ya kutulia. Maji ya kawaida yanatoka kwa bomba. Ya dhoruba yanapita kwenye njia pana ya nyasi iliyochongwa pembeni, kwenye ardhi isiyoguswa, futi 2 au 3 chini ya kilele. Malambo mengi yaliyobomoka yalianza kuvuja kando ya bomba, ambako udongo haukushindiliwa kwa mkono na hakukuwa na kola za kuzuia maji kulifuata. Mengine yaliharibiwa na miti iliyoachwa iote kwenye tuta, mizizi yake ikioza na kuacha vichuguu. Ng'ombe walizungushiwa uzio nje, na bomba likawapelekea maji kwenye hori chini ya tuta.

Kwenye nyanda za upepo kazi ilikuwa nyingine, nami nitaipita haraka: mabua yaachwe juu, plau igeuzwe kuwa vyembe vinavyokata mizizi chini bila kupindua udongo, na uso ubaki na mabonge. Fred Hoeme wa Hooker, Oklahoma, alitengeneza plau yake ya patasi mwaka 1933 kwa kusudi hilo, na William Chepil huko Kansas alipima kuwa bonge linalozidi milimita 0.84 upepo haulibebi kwa kawaida.

Kuanzia miaka ya 1960 mashine zilipanuka, na matuta yaliyopinda na kuacha mistari mifupi isiyofika popote yakawa kero. Wengine waliyasawazisha kwa tingatinga. Jibu la wahandisi lilikuwa matuta sambamba, yenye umbali sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, udongo ukikatwa hapa na kujazwa pale, na huko Iowa maji yakapewa mlango mpya: bomba la wima lenye matundu ndani ya mfereji, likishuka kwenye bomba lililofukiwa. Hapo mkondo wa nyasi hauhitajiki. Tundu la chini linahesabiwa ili maji yaishe ndani ya siku moja au mbili. Yakikaa zaidi mahindi yanakufa, yakitoka haraka mno tope halipati muda wa kutuama. Bomba hilo linazibwa na mabua baada ya mavuno na kuvunjwa na mashine usiku, kwa hiyo lilipakwa rangi ya chungwa, na mkulima alipaswa kulizungukia baada ya kila mvua kubwa akiondoa takataka kwa mkono.